Miwani ya Mujomba Zakaria

Uvira, jioni

Mwanangu Mapendo,

Mwalimu wetu wa Lemera, kijijini kwetu milimani, alitufundisha kwamba barua njema huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako naijua. Uko chumba cha pili, unafunga sanduku, na mdogo wako Riziki amelikalia ili lifungike. Nawasikia mnacheka. Kwa hiyo sehemu hiyo nitairuka, mwalimu wangu anisamehe.

Kesho nitakutilia barua hii mkononi ukiwa umeshapanda gari. Nakuomba uisome kabla ya kufika Sange. Sababu utaikuta mwishoni.

Juu ya chakula, sabuni, baridi ya Bukavu na kanisa la kusali sitaandika kitu. Nimeyasema hayo wiki nzima, mpaka jana ukanijibu, "Mama, minye niko naenda Bukavu, siko naenda ku mwezi." Ulisema kweli. Nataka kukuandikia juu ya macho yangu. Unakwenda kujifunza kazi ya macho, na habari hii uliiona kutoka upande wako tu.

Nilipokuwa msichana niliona vya karibu tu. Niliweza kushona kifungo vizuri kuliko dada zangu wote, lakini mbuzi akisimama ng'ambo ya njia nilimsalimu na kumuuliza habari za nyumbani. Watu wa kwetu walisema huyu binti ana heshima, hapiti mtu bila salamu. Nilipata miwani nikiwa tayari mkubwa. Vioo vyake vilikuwa vinene kama vitako vya chupa, na siku ya kwanza nilipoivaa niliona kwamba mlima una miti, tena mmoja mmoja.

Miaka ya kukimbia ilinifikisha Nairobi. Huko nilipata kazi ya kushona mapazia na mavazi ya wauguzi katika kliniki ya macho. Mganga mkuu wa pale alikuwa akirekebisha macho kwa mwanga wa laser, ili mtu aache miwani, na aliwakubalia wafanyakazi wake waliotaka. Nilitaka. Alininyoa kidogo kioo cha mbele cha macho yote mawili, na kesho yake nilisoma jina la duka lililokuwa upande wa pili wa barabara. Nililisoma kwa sauti, mara nyingi, mpaka mwenye duka akatoka kuuliza ninataka nini.

Niliporudi nyumbani, kabla hujazaliwa, miwani ilikuwa bado ndani ya mfuko wangu. Unajua desturi ya bibi yako. Kitu ambacho Mungu amekuondolea haja nacho hukitupi na hukifungii sandukuni. Unampa mtu kwa maombi, nacho kinakuwa baraka kwake. Kaka yangu Zakaria alikuwa amewekwa kuwa shemasi mwezi uleule. Nikampa yeye, mbele ya watu wote uani. Aliivaa, akawageukia watu. Alionekana kama mtu aliyesoma vitabu vyote vya dunia. Hakuna aliyemuuliza kama anaona. Tangu siku hiyo, Lemera nzima inamwita Shemasi Lunete, yaani Shemasi Miwani.

Hayo uliyakuta. Sasa nikuambie nililokosea.

Mtoto wa jicho alinijia mapema, jicho la kushoto kwanza. Ukungu mweupe, kama kuangalia ziwa kwa ndani ya chandarua. Wakati ule walikuja mjini waganga wa kutembea, wakawa wanaopereza, yaani wanapasua watu macho, katika jumba moja la mikutano, na mimi nikapanga mstari na wazee. Kijana aliyekuwa mezani aliniuliza: una sukari? Hapana. Una presha? Hapana. Unameza dawa gani? Hakuna. Akasema asante mama, pita.

Hakuniuliza kama jicho lile limeshaguswa na mganga mwingine, nami sikumwambia. Usifikiri niliona haya. Kwangu mimi, habari ya Nairobi haikuwa ugonjwa, ilikuwa imekwisha, na miwani yenyewe ilikuwa Lemera ikihudumu kanisani. Tena nililelewa vizuri. Tulifundishwa kwamba mbele ya wakubwa, ukiulizwa unajibu, usipoulizwa unanyamaza. Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa somo hilo.

Ukungu uliondoka. Majirani walikuja na nyimbo. Mama mmoja alinishika kidevu, akauliza, "Sasa iko unaona?" Nikajibu, "Naona, Bwana asifiwe." Na kweli niliona. Niliona milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, ingawa kingo zake zilitetemeka kidogo. Ila nilipoangalia mkono wangu, sikuona vidole. Nilipokaa kwenye mashine yangu ya kushona, sindano haikuwepo. Niliigusa, ilikuwepo. Niliangalia, haikuwepo.

Sikumwambia mtu. Watu wameshaimba, nami niwaambieje kwamba wimbo ulikuwa wa nusu? Jicho la kulia lilikuwa bado zima, nikalitegemea, nikashona kwa kuinamisha kichwa kama kuku. Kisha na lenyewe likaanza ukungu.

Wewe ndiwe uliyejua. Asubuhi moja ulinikuta nalamba uzi, naupeleka kwenye tundu la sindano, unapita pembeni, naulamba tena. Ulisimama mlangoni na unifomu yako ya shule. Hukuuliza kitu. Ulichukua sindano mkononi mwangu, ukatia uzi, ukanirudishia, ukaenda. Kesho yake nilipoamka nilikuta sindano zimepangwa kwenye sponji, kila moja na uzi wake: mweusi, mweupe, wa bluu, na mwekundu kwa ajili ya vikwembe, vitenge vya sikukuu. Hivyo kila asubuhi. Nilijivuna mbele ya wateja, nikasema binti yangu ndiye macho yangu. Nilizoea, Mapendo. Mtu hazoei mzigo alioubeba mwenyewe kama anavyozoea ule aliobebewa na mwanawe.

Ulianza kunisumbua twende Bukavu. Nilikataa kwa sababu ninayoijua mimi: jicho hili likikosewa, hakuna la tatu. Na mshonaji asiyeona ni nani? Ni mtu anayekaa karibu na mashine. Ukasema, "Basi tutaenda kusalimia dada ya baba. Ile kliniki iko pembeni ya kwake." Kwa ujanja huo tulikwenda.

Yule daktari mwanamke alinimulika jicho la kushoto kwa muda mrefu, kisha la kulia, kisha akarudi kwenye la kushoto. Alisema, "Mama, kuna mtu alishafanya kazi hapa zamani. Naona alama ya mviringo, nyembamba sana. Ni nani?"

"Ni wa Nairobi," nikasema. "Zamani."

"Na wale walioondoa mtoto wa jicho, uliwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Aliniangalia mimi, kisha wewe. Ukamsaidia wewe, kutoka kwenye kiti chako cha pembeni: "Dokta, mama ikuaka anajibu. Hasemake."

Nilikukasirikia mpaka tukatoka mle. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa maneno machache hivyo: huwa najibu, sisemi.

Daktari alitufafanulia, nami naandika hapa nilivyoelewa, wewe utanisahihisha baada ya mwaka. Mtoto wa jicho akiondolewa, wanaweka ndani lensi ndogo badala ya ile iliyochafuka. Nguvu ya lensi hiyo inatafutwa kwa kupima jicho na kufanya hesabu. Hesabu ya kawaida inafikiri kila jicho liko kama lilivyozaliwa. Langu lilikuwa limenyolewa mbele, limekuwa bapa zaidi. Kwa hiyo mashine ya kupimia ilidanganyika, na lensi waliyoniwekea ikawa dhaifu, ikaniachia milima na kuninyima mikono. Kosa la pili lingetokea kwa njia ileile. Ili kulikwepa alitaka kujua macho yangu yalikuwaje kabla ya Nairobi.

"Una karatasi?"

Kliniki ile ilikuwa imefungwa miaka mingi. Karatasi hakuna.

"Hata miwani ya zamani? Nikipima miwani nitajua kiasi gani kilinyolewa. Hiyo pamoja na vipimo vya leo, naweza kuikaribia hesabu."

Ukaniangalia, nami nikakuangalia. Ukasema neno moja: "Mujomba."

Sikuwepo Lemera siku uliyopanda. Habari yake nimesimuliwa na nyinyi wawili, kila mtu na yake, na mahali mnapokubaliana ndipo nilipoandika. Ulishuka Sange, ukapanda pikipiki mpaka pikipiki ikashindwa, ukamaliza kwa miguu. Ulimkuta ameketi mbele ya nyumba, Biblia magotini, miwani usoni.

"Mujomba, minye nimekuya juu ya ile lunete."

"Lunete gani?"

"Ile iko ku macho yako."

"Hii? Hii iko mu kazi ya Mungu. Mama yako aliitoa mbele ya watu. Kintu ya kutoa haiombwake tena."

"Siko naiomba. Dokta anataka kuiangalia siku moja tu. Bila ile, mama anaweza kukosa jicho."

Hapo, wewe unasema alinyamaza sana. Yeye anasema hakunyamaza, alikuwa anaomba.

"Na hiyo siku moja," akasema, "minye nitapita aje mu watu? Uso wazi kama mutoto?"

Mtu mwingine angebishana. Mtu mwingine angemwambia kwamba kila mtu wa nyumba ile anajua haoni kitu kwa miwani ile. Wewe ulifikiri kidogo, ukasema, "Basi kuya nayo weye mwenyewe. Usiivue mupaka mbele ya Dokta."

Akaomba koti lake.

Mpaka leo nikikumbuka mlivyoingia kliniki ile Bukavu nacheka peke yangu. Mujomba wako na koti la Jumapili, amenyoosha shingo, ameshika bega lako, kwa sababu kwa miwani ile ngazi zote zilikuwa kitu kimoja cha kijivu. Nawe ulikuwa unamnong'oneza, "Panda. Panda. Hapa sawa." Watu waliokuwa wakisubiri walisimama kumpa nafasi. Walifikiri ni profesa.

Daktari aliipokea miwani kwa mikono miwili, na kwa hilo nitampenda siku zote. Aliiweka kwenye mashine yake, akasoma namba, akaandika. Kisha akamgeukia mzee.

"Papa, unasomaka na hii?"

"Zaburi? Niko nazijua."

"Na watu, unawaona?"

"Watu iko wananiona. Inatosha."

Daktari akamtilia usoni miwani ndogo nyepesi ya kusomea, akampa kitabu. Mujomba wako alisoma mstari mzima, polepole, kisha akaivua, akaigeuza huku na huku. "Hii ni ya karani," akasema, akaomba yake. Lakini nilimwona. Aliusoma ule mstari tena kwa midomo, bila sauti, kama mtu aliyekutana na rafiki njiani.

Kabla hatujaondoka daktari aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alisema lensi itakayowekwa inaweza kupangwa kwa ajili ya mbali au kwa ajili ya karibu. Nilitaka kuona nini bila miwani?

Nikajibu kama nilivyofundishwa: "Chochote atakachoweza Dokta."

"Dokta, mama ni mushonaji," ukasema. "Muwekee sindano."

Unaona? Mimi nilikuwa mkubwa wa miaka, na kwa adabu yangu ningechaguliwa milima tena.

Kampala, alikotutuma yule daktari kwa sababu mashine ya kupasulia iko huko, nitaandika kwa ufupi, ulikuwepo. Nilichotaka ujue ni hiki: kabla yule daktari hajaketi kwenye kiti chake nilimwambia, "Nilinyolewa macho Nairobi, yote mawili, la kushoto limeshatolewa mtoto wa jicho na hesabu ilikosea, sina sukari, sina presha." Muuguzi alicheka, akatafsiri. Daktari hakucheka. Alisema laiti wote wangeanza hivyo. Alieleza kwamba laser ya zamani iliacha kifuniko chembamba mbele ya jicho, kwa hiyo pete ya mashine inayolishika jicho ataiweka kwa upole na hatalisukuma. Kisha mwanga wa laser mpya utafungua ngozi ya lensi na kumpasua mtoto wa jicho vipande, kabla mkono wa mtu haujaingia. "Mashine hii inakata mviringo vizuri kuliko mkono wangu," alisema. "Lakini haijui jicho lilitoka wapi. Hilo mmelileta nyinyi."

Nililala pale, naona taa, naogopa kumeza mate. Sikufikiri juu ya Mungu kama nilivyokusudia. Nilifikiri juu ya sponji na sindano zako, nikazihesabu rangi.

Kesho yake walipoondoa bandeji ulikuwa umeinama mbele yangu. Ulitaka kujua kama naona. Nilikuwa naona kola ya blauzi yako. Ile ya njano, niliyokushonea wakati wa ukungu. Mshono wake ulikuwa umepinda kama njia ya kwenda Lemera: unapanda, unashuka, unakwepa kitu ambacho hakipo, unarudi. Umeivaa blauzi ile kanisani. Umeivaa kwenye mtihani wa mwisho. Umepigwa picha nayo. Hukuniambia kitu.

Nililia, nawe ukafikiri ni maumivu, ukamwita muuguzi.

Sikukuambia siku ile kwa nini nililia. Nakuambia sasa. Nililia kwa fahari, kwanza. Sijui nimefanya nini hata nikapewa binti anayeweza kuvaa mshono uliopinda mbele ya wenzake, kichwa juu, ili mama yake asijue. Na nililia pia kwa sababu niliona kwamba umejifunza kwangu. Mimi nilinyamaza mbele ya mganga kwa adabu, nikanyamaza mbele ya majirani kwa shukrani. Wewe ulinyamaza mbele yangu kwa upendo. Kwa ajili yangu mbele ya wengine unasema vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa ajili yako mwenyewe husemi. Huko unakokwenda, mwalimu akikukosea, chumba kikivuja, moyo ukiwa mzito, usingoje kuulizwa. Niandikie kwamba mshono umepinda.

Na mgonjwa atakayekaa mbele yako amefunga mikono magotini, anajibu hapana, hapana, hakuna: huyo ni mimi. Muulize swali lingine.

Limebaki moja, nalo ni gumu kidogo kwangu. Tuliporudi kutoka Kampala niliweza kutia uzi mwenyewe. Nilijaribu siku ambayo hamkuwepo, uzi ukaingia mara moja. Lakini kila asubuhi nilikuta bado umenipangia sindano, nami sikukuzuia. Na jibu la institut, kile chuo cha Bukavu, lilipofika, kwamba umekubaliwa, neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa, "Na sindano?" Uliinama, ukaikunja ile karatasi. Usiku ule baba yako alipiga simu kutoka Kalemie anakofanya kazi, akaniambia, "Mama Mapendo, ulitafutiwa macho ili umufunge mutoto?"

Leo asubuhi nilitangulia kuamka. Ulipotoka na macho ya usingizi ukakuta safu imeshakamilika, mweusi, mweupe, bluu, mwekundu. Uliiangalia sana. Ukasema tu, "Mwekundu umetia mrefu." Ndiyo, nimeutia mrefu. Nitaukata mwenyewe.

Blauzi ya njano niliitoa sandukuni mchana ili niifumue na kuinyoosha. Nilikaa nayo, wembe mkononi, nikashindwa. Nimeirudisha ilivyo. Chini yake utakuta nyingine ya rangi ileile, niliyoshona kwa jicho la Kampala. Usizilinganishe mbele ya watu.

Sasa Sange. Jana alishuka kijana wa pikipiki na salamu za mujomba wako. Anasema barabara ikiwa wazi kesho, atakuwa sokoni tangu asubuhi, mahali wanapouza mchele, na hatapanda kurudi mpaka gari lenu lipite. Nilimwambia kijana amjibu kwamba asijisumbue, kwa maana gari litapita mbio, na yeye na miwani ile hatajua kama ni gari au ni ng'ombe. Leo kijana amerudi na jibu. "Shemasi anasema anajua. Anasema ataivua, amuone mutoto."

Kwa hiyo kunja barua sasa, Mapendo, na usogee dirishani, upande wa milima. Mwombe dereva apunguze. Mzee atakayekuwa amesimama pale na koti la Jumapili, miwani mkononi, uso wazi mbele ya soko zima, ndiye.

Mama yako